Kuielewa klachi: kwa nini kilomita si kipimo cha uhai wake

Injini ya petroli au ya dizeli ina upungufu mmoja ambao dereva wa gari la gia za mkono hukutana nao kila anapoondoka: haiwezi kutoa nguvu ikiwa imesimama. Gari likiwa limetulia na injini inanguruma polepole, krenki shafti, yaani mhimili mkuu wa injini, huwa inazunguka mara 700 hadi 900 hivi kwa dakika, na ikilazimishwa kwenda chini sana ya hapo inazima. Wakati huohuo magurudumu yamesimama kabisa. Ukikiunganisha ghafla kitu kinachozunguka na kitu kilichotulia, ama gari litaruka mbele kwa mshtuko, ama injini itazima. Klachi imewekwa katikati ili kuupatanisha mwendo wa pande hizo mbili kidogo kidogo, na kisha kuzitenganisha tena kila gia inapobadilishwa.

Watu wengi huizungumzia klachi kama kitu kinachoisha kwa umri, na huulizana inakaa kilomita ngapi, kana kwamba jibu ni moja. Ukweli ni kwamba magari mawili ya aina moja, yenye klachi za aina moja, yanaweza kupishana mno: moja likavuka kilomita 150,000 kwa klachi yake ya kwanza, na jingine likahitaji mpya kabla ya kufika 40,000. Tofauti hiyo hailetwi na umbali bali na muda ambao klachi ilikuwa ikiteleza, pamoja na kiasi cha nguvu kilichokuwa kikipita ndani yake wakati inateleza. Dereva akilishika jambo hili, ushauri mwingi anaopewa kuhusu klachi hautakuwa tena orodha ya makatazo ya kukariri, kwa sababu ataweza kujieleza mwenyewe kwa nini tabia fulani ni mbaya na nyingine haina madhara.

Tuanze na vyenyewe vilivyomo. Mwishoni mwa krenki shafti imefungwa flaiwili, gurudumu zito la chuma lenye uso laini upande wa giaboksi. Juu ya uso huo hukaa klachi pleti, sahani nyembamba ambayo pande zake zote mbili zimebandikwa au kupigiliwa kwa ribiti tabaka la msuguano linaloitwa lainingi. Katikati ya pleti kuna kitovu chenye meno kinachovaa shafti ya kuingilia giaboksi, na meno hayo huiruhusu pleti isogee mbele na nyuma juu ya shafti huku ikizunguka pamoja nayo. Kuzunguka kitovu hicho kuna springi fupi zinazofyonza mitikisiko ya injini isifike kwenye gia. Kinachofuata ni presha pleti, ambayo imefungwa kwa bolti kwenye flaiwili na kwa hiyo inazunguka na injini wakati wote. Ndani yake mna springi ya diaframu, yaani bamba la duara la chuma cha springi lililochanwa vidole vinavyoelekea katikati. Springi hiyo huibana klachi pleti dhidi ya flaiwili kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo mia kadhaa.

Hapa pana jambo linalofaa kusisitizwa, kwa sababu wengi hulielewa kinyume. Hali ya kawaida ya klachi ni kushika. Mguu wa dereva haubani chochote. Kazi yake ni kuachia tu. Pedali inapokanyagwa, kebo au mafuta ya presha huisukuma rilizi beringi, yaani beringi ya kuachilia klachi, dhidi ya vidole vya ile springi, vidole vikazama, ukingo wa nje wa springi ukainuka, na klachi pleti ikabaki huru katikati ya nyuso mbili zisizoigusa. Kwa hiyo mguu uliopumzishwa juu ya pedali, hata kwa uzito mdogo ambao mwenyewe hauhisi, unaweza kuwa unapunguza nguvu ya springi ile, na klachi iliyopunguziwa nguvu ya kushika huteleza pale injini inapovuta kwa bidii.

Kushika kwenyewe hakutokei kwa mara moja. Kati ya lainingi mbili za klachi pleti kuna vipande vya chuma vyembamba vilivyojipinda mfano wa mawimbi, ambavyo hujinyoosha taratibu vinapobanwa. Ndivyo vinavyompa dereva ule upana wa sentimita chache za pedali, tunaouita hafu klachi, ambapo gari linaanza kuvuta bila kushtuka. Bila vipande hivyo, hata dereva mwenye mguu mwepesi angepata shida kuondoka bila gari kuruka.

Sasa tuje kwenye kuteleza kwenyewe, ambako ndiko uhai wa klachi unakoamuliwa. Wakati flaiwili inazunguka kasi zaidi kuliko klachi pleti, msuguano kati yake huzalisha joto, na kiasi chake kinaweza kukadiriwa. Gari likiondoka kwenye barabara tambarare, na dereva akiishikilia resi, yaani mizunguko ya injini, mahali pamoja hadi pande zote mbili zizunguke sawa, joto linalobaki klachini huwa karibu sawa na nishati ya mwendo ambayo gari limepata. Chukua gari la kilo 1,200 ambalo kwa gia ya kwanza na mizunguko 1,500 kwa dakika hukimbia kama kilomita 11 kwa saa. Kuondoka kwa resi hiyo kunaiachia klachi joto la jouli 5,600 hivi. Dereva mwingine akiondoka na gari lilelile kwa mizunguko 3,000, mwendo wa kushikamana ni kilomita 22 kwa saa, na kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, joto linafika jouli 22,400, yaani mara nne. Resi imeongezwa mara mbili tu. Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini kuondoka na gia ya pili kunaiumiza klachi: mwendo ambao klachi inapaswa kuufikia kabla ya kuacha kuteleza unakaribia kuwa maradufu, na joto linazidi mara tatu.

Mlima ni mbaya zaidi, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Dereva akilizuia gari hilohilo lisirudi nyuma kwenye mwinuko wa asilimia 10 kwa kucheza na klachi na mafuta, bila breki, gari halipati mwendo wowote, kwa hiyo nguvu yote inayopita klachini inageuka joto. Kwa mizunguko 1,500, nguvu hiyo ni kama kilowati 4. Sekunde 10 za kusubiri kwa namna hiyo ni jouli 40,000, sawa na kuondoka kwa utaratibu mara saba kwenye tambarare. Dereva anayefanya hivyo kila anapokwama kwenye foleni ya mlimani anaichosha klachi kwa kazi ambayo handibreki ingeifanya bila kuchakaa.

Joto hilo halina pa kwenda haraka. Klachi imefungiwa ndani ya kava la giaboksi ambamo hewa haipiti vya kutosha, na mzigo wote huangukia chuma cha flaiwili na cha presha pleti. Lainingi yenyewe imetengenezwa kwa nyuzi na viungo vingine vilivyoshikamanishwa kwa gundi ngumu, na joto likipita kiasi gundi hiyo huanza kuungua. Ile harufu kali ya kuungua inayoingia ndani ya gari baada ya kupanda mlima na mzigo mzito ndiyo hiyo. Baada ya hapo uso wa lainingi hung'aa na kuwa mgumu, uwezo wake wa kushika hupungua, klachi huteleza hata pale ambapo zamani ilikuwa inashika, na kuteleza huko huongeza joto jingine. Ndiyo maana klachi iliyoanza kuteleza haidumu hivyo kwa muda mrefu. Ukiifungua, mara nyingi utaona madoa ya rangi ya buluu kwenye flaiwili, na pengine nyufa ndogo ndogo zinazotawanyika kutoka katikati ya doa.

Kwa mtazamo huu, tabia za udereva zinajipanga zenyewe. Kuondoka kwa resi ndogo inayotosha, kuachia pedali taratibu hadi gari lianze kuvuta, na kisha kuiachia kabisa bila kubaki katikati, ni jambo lenye faida kubwa kuliko mengine yote. Kwenye foleni inayosogea mita moja moja, ni afadhali kusubiri nafasi ya mita kadhaa ifunguke, ukasogea mara moja kwa klachi iliyoshika, kuliko kutambaa muda wote kwa hafu klachi. Kwenye mlima, vuta handibreki, leta klachi hadi uhisi gari linataka kwenda, ndipo uachie handibreki. Mguu wa kushoto uwe na mahali pake sakafuni pa kupumzikia. Kushusha gia si kosa, ila pedali ikiachiwa ghafla huku gari liko kasi, klachi ndiyo inayolazimika kuinyanyua injini hadi kwenye resi mpya. Mguso mdogo wa mafuta kabla ya kuachia unaiondolea kazi hiyo.

Kuna tabia moja ambayo hulaumiwa kuliko inavyostahili, nayo ni kukaa kwenye taa nyekundu ukiwa umekanyaga klachi hadi mwisho huku gia imeingia. Lainingi haiumii hapo, kwa sababu haigusi chochote. Kinachochoka ni rilizi beringi, ambayo inazunguka chini ya mzigo, pamoja na vidole vya springi. Kwa kusubiri kwa muda mfupi madhara ni madogo. Kwa kusubiri kwa muda mrefu, kutoa gia na kuachia pedali ni bora.

Upande wa pedali nao unahitaji kueleweka, maana ndiko matengenezo machache yanayowezekana bila kushusha giaboksi yanakofanyika. Magari ya zamani na mengi ya madogo hutumia kebo. Kadiri lainingi inavyokonda, presha pleti husogea karibu na flaiwili, na vidole vya springi husogea upande wa pili, kuelekea rilizi beringi. Kwa hiyo ule uchezaji mdogo wa pedali kabla haijaanza kusukuma kitu hupungua mwezi baada ya mwezi, na mahali ambapo klachi inashika hupanda juu. Uchezaji ukiisha kabisa na kebo isirekebishwe, beringi itabaki imevikandamiza vidole muda wote, na klachi itateleza ingawa lainingi bado ipo. Kurekebisha kebo kwa kufuata kipimo cha kitabu cha gari ni kazi ya dakika chache na huokoa klachi nyingi. Hata hivyo kebo ikihitaji kurekebishwa mara kwa mara, na nati ya kurekebishia imefika mwisho, ujue lainingi imekwisha na marekebisho zaidi yanaficha tatizo tu.

Magari mengine hutumia mafuta ya presha: masta silinda karibu na pedali, inayoyasukuma mafuta, na slevu silinda kwenye giaboksi, inayosukumwa nayo. Mfumo huu hujirekebisha wenyewe, na una jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu wakati mwingine hulisahau. Lainingi inapokonda, pistoni ya slevu silinda hurudishwa nyuma, na mafuta yaliyokuwa nyuma yake hupanda kwenye kikopo cha kuyahifadhia. Kwenye breki mambo ni kinyume: pedi zikikonda, mafuta hushuka. Kwa hiyo klachi yenye kikopo chake peke yake ikionyesha mafuta yanapungua, usifikirie kuchakaa; tafuta mahali panapovuja, kwanza kwenye raba za masta silinda, ambako mafuta huteremka ndani ya gari nyuma ya pedali, na kisha kwenye slevu silinda. Kinachowekwa humo kwa magari mengi ni mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu kutoka hewani, na kwa sababu hiyo kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi ni busara. Oili ya injini ikimwagwa humo kwa makosa huvimbisha raba na kuuharibu mfumo mzima.

Dalili za ubovu huchanganywa sana, na kuchanganywa huko humgharimu mwenye gari. Yapo magonjwa mawili yanayopingana: klachi inayoteleza na klachi isiyoachia. Klachi inayoteleza hujionyesha kwanza kwenye gia za juu, gari likiwa na mzigo au likipanda mlima, kwa sababu hapo ndipo injini inapovuta kwa nguvu kubwa. Dereva hukanyaga mafuta, sauti ya injini na mshale wa resi vikapanda, na gari likabaki na mwendo uleule. Jaribio zuri ni kuwa kwenye barabara tambarare iliyo wazi, ukaingiza gia ya nne katika mwendo mdogo ambao gia hiyo inauweza, kisha ukakanyaga mafuta kwa nguvu. Klachi nzima itaupandisha mshale wa resi sambamba na mwendo wa gari. Iliyochoka itauacha mshale uruke kwanza. Wapo wanaovuta handibreki, wakaingiza gia ya tatu na kuachia klachi ili waone kama injini itazima. Jaribio hilo ni sahihi, lakini lifanyike mara moja tu, na pedali ikanyagwe papo hapo injini isipozima, maana kila sekunde ya hapo ni ya kuteleza.

Klachi isiyoachia ni jambo jingine kabisa. Hapa gia zinakuwa ngumu kuingia, hasa ya kwanza na rivasi, na pengine zinakwaruza. Washa injini gari likiwa limesimama, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde tatu au nne, kisha ingiza rivasi. Katika giaboksi nyingi rivasi haina kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, kwa hiyo ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi pleti bado inazungushwa na injini. Sababu inaweza kuwa upepo ndani ya mfumo wa mafuta, raba iliyochoka, kebo iliyonyooka, pleti iliyopinda, au kutu kwenye meno ya shafti inayoizuia pleti kusogea. Gari lililoegeshwa muda mrefu mahali penye unyevu linaweza hata kukuta lainingi imegandana na flaiwili. Kati ya sababu hizo, zile za kwanza hazihitaji klachi mpya, na ndiyo maana fundi anayependekeza kushusha giaboksi kabla ya kutoa upepo kwenye mfumo na kukagua kebo amekwenda haraka mno.

Mtetemo wakati wa kuondoka mara nyingi huletwa na mafuta yaliyoifikia lainingi kutoka kwenye oili sili (raba ya kuzuia mafuta yasivuje) ya nyuma ya krenki au ya shafti ya giaboksi, ingawa maunti za injini (vishikizo vya raba vinavyoibeba) zilizokufa nazo huleta hali kama hiyo na ni rahisi zaidi kuzikagua. Mlio nao una lugha yake: ukianza unapokanyaga pedali, shuku rilizi beringi, ukisikika gia ikiwa nje na kupotea unapokanyaga, shuku beringi ya shafti ndani ya giaboksi, na klachi haina hatia. Pedali inayozidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka pia ni dalili ya kuchakaa, kwa kuwa pembe ya ile springi ya diaframu hubadilika lainingi inapokonda na vidole huhitaji nguvu zaidi kuzamishwa.

Inapofika wakati wa kubadilisha, gharama kubwa ipo kwenye kazi ya kushusha giaboksi kuliko kwenye kifaa kimoja kimoja. Kununua klachi pleti peke yake na kurudisha presha pleti na rilizi beringi za zamani ni akiba ya uongo. Vitu hivyo vitatu hufanya kazi pamoja na hubadilishwa pamoja. Oili sili zikaguliwe wakati huohuo, maana tone moja kwenye lainingi mpya linatosha kuirudisha kazi yote mwanzo. Flaiwili yenye madoa ya buluu au mifereji ikerezwe upya kwa kipimo kinachoruhusiwa, au ibadilishwe. Flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani yake, inayopatikana sana kwenye magari ya dizeli ya kisasa, kwa kawaida haikerezwi. Hupimwa uchezaji wake, na ukizidi hubadilishwa nzima.

Mwenye gari anaweza kuyaangalia mambo machache karakana bila kuwa fundi. Klachi pleti ina upande unaotazama flaiwili, nao huandikwa. Ikigeuzwa, springi za kitovu zinaweza kugonga bolti za flaiwili. Pleti iwekwe katikati sawasawa kwa kifaa chake kabla ya kukaza presha pleti, na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana pande, si moja hadi mwisho kisha nyingine. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu, kwani inayozidi hurushwa kwenye lainingi. Giaboksi isiachwe ining'inie kwa uzito wake kwenye kitovu cha pleti wakati inapandishwa, maana kitovu hupinda na klachi mpya ikawa haiachii tangu siku ya kwanza. Vumbi lililo ndani ya kava lisipulizwe kwa upepo wa kompresa: lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu, na ingawa nchi za Umoja wa Ulaya ziliipiga marufuku kuanzia mwaka 2005, kwenye gari kuukuu huwezi kujua kwa macho. Lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa.

Klachi ikishafungwa, nyuso mpya bado hazijalingana, na sehemu zilizoinuka kidogo ndizo zinazoshika peke yake. Kwa kilomita mia chache za mwanzo gari lisivute tela, lisibebeshwe mzigo mkubwa, na lisiondolewe kwa resi ya juu, ili lainingi ipate kukaa sawa na chuma kabla haijapewa kazi nzito.